Kabla hamjauliza hela za kisima, wekeni mafaili sawa

Kama mna kikundi na mnataka kuanza kufatilia hela za kijiji, nawaomba muanze na karatasi zenu wenyewe. Sisi tulianza na kupanda miti na kuchangia madawati, viongozi walitupenda, kila sherehe tunakaa meza ya mbele. Siku tulipouliza michango ya kisima imeenda wapi hatukujibiwa, ikaja barua tu, leteni katiba, leteni mihtasari ya vikao, leteni mapato na matumizi. Hatukuwa navyo! Mhazini alikua anaandika kwenye daftari la mwanae, basi nusu mwaka tunahangaika na risiti na kisima kikasahaulika.

Na si sisi tu. BAWATA, yani Baraza la Wanawake Tanzania, lililozaliwa vyama vingi vilipoanza, lilisimamishwa 1996 likafutwa 1997, likaambiwa linajiendesha kama chama cha siasa na hesabu halijapeleka. Sheria iliyotumika ni ya vyama ya 1954, yani ya mkoloni, aliyekua anataka kujua Waafrika wanakutana wapi na wanaongea nini, uhuru ukaja bendera ikabadilika ila ile sheria ikabaki kabatini na serikali yetu wenyewe ikaichukua ikaitumia. Akina mama walienda Mahakama Kuu wakashinda, lakini hukumu ilitoka 2009, miaka 12 baadae, wanachama walishatawanyika. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kikao kikiisha andikeni muhtasari siku hiyohiyo, msaini, nakala moja ikae kwa mtu mwingine. Taarifa ya mwaka ipelekeni kabla hamjadaiwa na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri hesabuni hamjapeleka. Mtendaji wa kijiji mpitieni mapema, mwambieni mnachofanya, wengi wao si watu wabaya, wanaogopa tu kuulizwa na wa juu yao.

Ila swali lenyewe msilipeleke ofisini mkiwa watatu. Subirini mkutano mkuu wa kijiji, pale ndo mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe kila miezi mitatu, na anaeuliza pale ni mwanakijiji, huwezi kumfutia usajili. Sisi mara ya pili alisimama bibi mmoja ambae hata kwenye kikundi hayumo, akauliza, watu wakapiga makofi, na hesabu za kisima zikasomwa palepale.