Flash ya mshikaji na kwassa kwassa isiyofika kwenye chemko

Mhariri, wiki hii mmeuliza, rafiki akikutumia nyimbo ambazo mwenyewe usingezitafuta unazisikilizaje na unamjibu nini. Swali limenikuta kwenye tukio lenyewe, maana nina mshikaji wangu yuko chuo Dodoma, kaingia mzima mzima kwenye miziki ya indie, yani wale wasanii wa Ulaya na Marekani wanaotoka kwa kujitegemea au na vilebo vidogo, sio yale makampuni makubwa. Bando bei juu na mtandao wa huku kwetu mnaujua, kwa hiyo hakutuma link, kajaza flash akampa mtu wa basi ikafika Kigoma.

Mi ni fundi cherehani pale Mwanga. Kibandani tuko mafundi watatu na sabufa moja, kwa hiyo chochote nilichosikiliza wamesikiliza wote, wateja, wapita njia, na mama muuza migebuka wa jirani ambaye hajawahi kukosa la kusema.

Sasa jamaa kabla hata flash haijafika alishapiga simu, eti namba tatu usiruke, hiyo nimekuwekea wewe kabisa. Namba tatu ni Vampire Weekend, "Cape Cod Kwassa Kwassa", ya 2008. Hao ni vijana waliokutana chuo cha Columbia, New York, na Cape Cod ni huko pwani ya Marekani ambako wenye hela zao wanaenda kula upepo majira ya joto. Nikaelewa kwa nini kaniwekea. Sisi Kongo ni hapo ng'ambo ya ziwa tu, kwassa kwassa, ile dansi ya Kongo, tumeikuta kwa wazee wetu, kwenye kila harusi ilikuwepo, mwanamuziki wa huko Kanda Bongo Man aliizungusha dunia nzima nayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 na ujanja wake ulikuwa kutokusubirisha watu, ule mwanzo wa polepole wa rumba akaupunguza, gitaa la solo likawa linaingia mapema mpaka mtu hakai.

Nikaweka. Gitaa kweli ni lile lile, jembamba, safi, linadondoka vizuri, na fundi mwenzetu mzee ambaye huwa hainui kichwa kwenye kitambaa akainua. Tukasubiri. Tunasubiri chemko, pale wimbo unapochanganya watu wacheze, solo lifunguke, atokee mtu wa kupiga makelele na kuita majina ya watu, wapi, kijana wa watu anaimba kwa upole tu, dakika tatu na nusu, kimya. Mzee akauliza, umekatika? Nikaangalia, haujakatika, ndo umeisha.

Nimesikia huko kwao walibishana sana kama ni haki vijana wa chuo kikuu kuchukua gitaa la Afrika. Mi hilo halinisumbui, jina la dansi wameliandika wazi kwenye wimbo, na hata Kinshasa wenyewe rumba waliinasa kwenye santuri za Kyuba wakaifanya yao. Kinachonisumbua ni kwamba wamechukua ule mlango wa kuingilia wakaacha ukumbi. Na kingine, hiki nilimwambia jamaa waziwazi, alinichagulia huo kwa kuwa mi ni wa Kigoma. Mtu tumekaa dawati moja miaka yote anajua naimba kwaya, anajua napenda nini, halafu akikaa kunichagulia wimbo anakumbuka ramani!

Zingine sasa. The Postal Service, "Such Great Heights", ya 2003, hiyo ni vidude vya kompyuta pi pi pi mwanzo mwisho, nilijua watu watalalamika lakini mafundi wote wakaipenda kwa sababu mwendo wake unaenda sawa na cherehani, unajikuta umemaliza pindo la sketi hujui saa ngapi. Na stori yao ndo tamu zaidi, jamaa wawili walikaa miji tofauti wakawa wanatumiana kanda kwa posta, mmoja anatengeneza mdundo mwingine anaongeza sauti anarudisha, wakajiita hivyo hivyo, Huduma ya Posta, mpaka posta ya Marekani ikawaandikia barua kali kwamba jina ni letu, mwisho wakapatana na CD yao ikauzwa kwenye tovuti ya posta. Nikaisimulia kibandani watu wakacheka, na sisi nyimbo zenyewe tumeletewa na kondakta wa basi.

Arcade Fire, "Wake Up", albamu yao inaitwa Funeral ya 2004, jina la msiba kabisa kwa sababu wakati wanairekodi baadhi yao walifiwa na ndugu. Usingejua, kiitikio chake hakina hata neno, ni ooo za watu wengi kwa pamoja, wanafunzi wanaopita kutoka shule walikidaka siku hiyo hiyo.

Bon Iver ndo palipozuka ugomvi. Huyu msanii alijifungia kwenye kibanda cha mbao cha baba yake huko Wisconsin, Marekani, baridi nzima akarekodi karibu kila kitu mwenyewe, sauti anaipandisha juu ya sauti yake mwenyewe, nakala chache akazitoa mwenyewe 2007 ndo lebo ikamchukua mwaka uliofuata. Nikaweka "Skinny Love" mchana kweupe, mama wa migebuka akauliza huyu anaumwa au kaachwa? Nikamwambia kaachwa. Akasema basi mzime apumzike. Kwa kweli hiyo sio ya sabufa, usiku na hedfoni inakaa vizuri.

Halafu kwenye namba kumi na kitu huko, hajaisemea hata nusu neno, kaiweka kujazia nadhani, ipo ya Fleet Foxes wa Seattle, "White Winter Hymnal", ya 2008. Inaanza sauti moja, inarudia kipande kile kile, inakuja nyingine juu yake, nyingine tena, mpaka zimefungana halafu ndo wote wanaingia kwa pamoja. Niliacha mkasi. Mi naimba sauti ya tatu, najua kazi ya kufunga sauti vile bila mtu kumfunika mwenzake. Haufiki hata dakika tatu, mfupi kuliko ile kwassa kwassa, na hakuna aliyeuliza kama umekatika! Maneno yake ni ya theluji na skafu nyekundu, mambo ya huko, tukayaacha huko huko. Nilikaa na simu nikatoa nota za sauti zote nne, do re mi ya kawaida ya kwaya zetu, nikampelekea mwalimu wetu, Jumamosi baada ya mazoezi tukaijaribu kwa la la la. Sauti ya nne walikuwa wanachelewa kuingia lakini ilikamata.

Zilizobaki sitawachosha, vijana wananong'ona na gitaa lina kelele, ziko nyingi za hivyo.

Jibu langu kwake lilikuwa hivyo hivyo nilivyowaandikia hapa. Akanuna kidogo, akasema sikio langu limezoea chemko ndo maana. Inawezekana, ila sasa hilo la Fleet Foxes atalielezaje? Namrudishia flash, nimemwekea "Mario" ya Franco wa Kongo na bendi yake TPOK Jazz nzima bila kukatwa, zaidi ya dakika kumi, nimemwekea "Leka Dutigite" ya Kigoma All Stars asisahau kwao, na ile la la la yetu niliyoirekodi kwa simu. Nimemwomba next time apunguze magitaa alete za sauti nyingi. Na kama kuna msomaji ana nota za nyimbo za namna hiyo zilizopangwa sauti nne azipitishe kwa mhariri, mwalimu wetu anazitafuta.