Usimpime heroe kwa kipimo cha sokwe

Kijana anayesomea kazi ya kuongoza watalii ameniandikia: "Kaka, nijikite kwa sokwe au kwa heroe? Wapi kuna maisha?" Swali hilo linanigusa. Mwajiri wangu wa kwanza alipojua napenda ndege kama heroe (flamingo), alinitangazia mbele ya wenzangu kwamba hakuna mgeni atakayelipa dola kutazama miguu mirefu. Bado inaniuma. Leo wageni wananiulizia kwa jina niwapeleke Ziwa Natron, na hilo najivunia.

Mdogo wangu, sokwe hupendwa bila jitihada. Unapanda boti Kigoma, unashuka Hifadhi ya Gombe, unakutana na mnyama anayekutazama usoni. Hapo ndipo mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alipomwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akivua mchwa kichuguuni kwa kijiti. Tangu hapo watafiti wanawajua mmoja mmoja, ukoo kwa ukoo. Mama akizaa, hupita miaka kama mitano kabla hajazaa tena, na mtoto hujifunza kwa kumkodolea macho. Basi pale mchague mmoja, umfuate. Na uvae barakoa. Mafua yetu yanaweza kuwaua.

Heroe ukimtazama hivyo utaambulia patupu. Yeye msome akiwa kundini. Takriban robo tatu ya heroe wa aina ndogo duniani huanguliwa Natron, kwenye viota vya matope katikati ya magadi yanayochoma ngozi, na ukali huo ndio ngome yao: fisi hathubutu kuvuka. Kinda huzaliwa na manyoya ya kijivu; wekundu huja baadaye kutokana na mwani anaouchuja kwa mdomo, kichwa kikiwa juu chini.

Halafu watu husema sokwe ndiye anayefanana nasi. Kwa mikono na macho, sawa. Lakini heroe baba na mama hulalia yai lao moja kwa zamu, na wote wawili humlisha kinda. Sokwe dume halei hivyo. Waambie wageni wako jambo hili, tena uwaambie kila safari! Acheni kupanga viumbe kwa jinsi wanavyofanana nasi.

Kwa Natron, toka kijiji cha Engare Sero alfajiri kabla jua halijawa kali, ubebe darubini nzuri. Msimu wa kutaga usiwasogelee hata mgeni akikusihi, kwa sababu kundi likishtuka linaweza kuvitelekeza viota vyote.