Re: Shingo ya sanamu ya penseli hukatika kila nikikaribia kumaliza

Pole ndugu. Kukatikia shingoni mwishoni mara nyingi ni kosa la mpangilio: umeikondesha mapema, kisha unaendelea kuchonga kichwa kilichoikalia.

Sanamu huchongwa kwenye risasi, ule uti mweusi wa ndani ya penseli, hivyo anza na penseli ya fundi seremala, risasi yake ni nene. Iliyowahi kuanguka sakafuni achana nayo, huenda ina ufa ndani. Menya mbao sentimita 1 hadi 2 tu, iliyobaki ndiyo mshikio. Maliza kichwa kabisa, ndipo ushuke. Shingo iwe ya mwisho. Hapo usikate, kwangua kwa ncha ya sindano ya kushonea, vumbi jeusi litoke kidogo kidogo, huku ukizungusha penseli. Wembe butu ubadilishe mara moja, maana utaanza kukandamiza, na risasi haipindi, hukatika.

Dalton Ghetti, Mbrazili aishiye Marekani anayechonga sanamu kwenye ncha za penseli, hutumia wembe, sindano na kisu kidogo, bila lenzi. Sanamu zake zilizovunjika amezibandika kwenye pini na kuziita makaburi! Lenzi wewe tumia tu.

Pumzika kila nusu saa. Macho yakiuma au kuona ukungu hata baada ya kupumzika, muone daktari wa macho.