Mdoli wa Kilo 10: Mazoezi ya Dharura ya Watoto Wodini

Mazoezi mengi ya dharura ya watoto huharibikia mdomoni. Daktari anasimama mbele ya mdoli, anasema, "Hapa ningempa diazepamu," msimamizi anaitikia kwa kichwa, kesi inasonga. Dawa haikuvutwa, uzito haukuulizwa, na hakuna aliyejua kwamba droo ya sindano ndogo ilikuwa tupu. Ukiendesha mazoezi Nairobi, iwe hospitali ya rufaa au kituo cha afya cha mtaani, weka sheria moja: ambacho mkono haukufanya, hakijafanyika.

Fanyia wodini, kwa troli ileile ya kila siku. Ukumbi wa mikutano una oksijeni ya kufikirika tu. Watu watano au sita wa zamu wanatosha: wauguzi, klinikal ofisa, daktari intani. Muuguzi mmoja awe mama wa mtoto, na asikae kimya. Mama halisi analia, anamvuta daktari mkono, anasema mtoto alianza kutetemeka wakiwa bado kwa matatu. Kesi isizidi dakika 10. Mjadala upewe 20.

Kesi nzuri ya kuanzia ni degedege. Mtoto wa miezi 14, kilo 10, ametetemeka zaidi ya dakika tano. Itifaki za watoto za Wizara ya Afya zinataka diazepamu miligramu 0.3 kwa kila kilo mshipani, yaani miligramu 3. Ampuli ina miligramu 10 katika mililita 2, kwa hiyo ni mililita 0.6. Mwache aivute hiyo 0.6 kwa bomba la sindano la mililita 5 uone mkono unavyosita. Mistari yake ni michache mno kwa dozi ndogo hivyo. Hapo ndipo timu inajifunza kudai bomba la mililita 1.

Sukari nayo ina mtego wake. Sukari ya damu ikishuka, mtoto anahitaji glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, yaani mililita 50. Chupa iliyo rafuni mara nyingi ni ya asilimia 50. Vuta mililita 10 za hiyo, ongeza mililita 40 za maji ya sindano. Kila mtu anaijua hesabu hii akiwa ameketi. Akisimama, mama akilia, kuna atakayeivuta chupa bila kuichanganya, na dawa nzito hivyo huunguza mishipa. Achanganye kweli, asome kwa sauti, mwenzake ahakikishe.

Kisha msimamizi aseme: dozi ya pili ya diazepamu imeingia, mtoto hahemi. Angalia mfuko wa ambu, ule wa kumpulizia mgonjwa hewa, unavyoshikwa. Barakoa ianzie kwenye daraja la pua iishie kidevuni, isiguse macho. Kidole gumba na cha shahada vishike barakoa, vitatu vilivyobaki vikae kwenye mfupa wa taya. Vikididimiza nyama laini chini ya kidevu, vinaziba njia ileile unayotaka kuifungua. Pumzi moja kila sekunde tatu, kifua kikiinuka. Kisipoinuka, rekebisha kichwa na barakoa kwanza kabla ya kuminya kwa nguvu zaidi. Na oksijeni ifunguliwe kweli, maana mtungi unaweza kuwa umejaa na spana ya kuufungulia haionekani.

Kwa sindano ya kwenye mfupa, ile ya pale mshipa unapokosekana, huhitaji kifaa cha bei. Nunua mapaja ya kuku, hasa wa kienyeji, kwani mfupa wa broila ni laini mno. Sindano iingie ikizungushwa, usimame mara tu ukinzani unapoisha ghafla. Mkono wa pili usikae nyuma ya mguu: sindano ikipita, inaishia kiganjani mwako.

Msimamizi naye ana dhambi yake. Chochote kinachomponya mdoli, watu watakibeba wodini. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, lilionyesha kuwa kuwamiminia maji ya mshipani haraka watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo. Ukimfanya mdoli wa namna hiyo afumbue macho baada ya maji mengi, umefundisha kosa.

Kwenye mjadala, aanze wa cheo cha chini. Mkubwa akitangulia, wengine watakubaliana naye tu. Uliza, "Uliona nini ukaamua hivyo?" badala ya "Mbona hukufanya?" Tokeni na jambo moja la kurekebisha kabla ya zamu kuisha. Spana ifungwe kamba kwenye mtungi, basi.

Mwisho, hesabu ampuli. Dawa zilizopitwa na muda zinafaa kwa mazoezi, lakini ziandikwe MAZOEZI kwa kalamu nyekundu na zikae kwenye sanduku lake lenye kufuli. Bomba lililojazwa maji na kusahaulika kwenye troli usiku, kwa macho halina tofauti na lililojaa adrenalini.