Kwa nini chupa za maji zinanunuliwa, pakiti za biskuti zinaachwa

Mkuu, umeuliza kwa nini wanunuzi wa makopo hapa Dodoma wanapima chupa za maji kwa kilo lakini pakiti za biskuti hawazitaki, wakati zote ni plastiki. Tatizo ni mchanganyiko. Geuza chupa tupu uangalie kitako: kuna pembetatu yenye namba 1, yaani ni plastiki ya PET peke yake. Kifuniko ni plastiki ya aina nyingine, ila hakisumbui. Vikishasagwa na kutiwa kwenye maji, vipande vya chupa huzama, vya kifuniko huelea, wanavitenga kirahisi. Sasa chana pakiti ya biskuti, ndani inang'aa. Ule ni utando wa alumini ulioshikana na plastiki, na kuubandua kunagharimu kuliko kinachopatikana.

Mali hasa ni kopo la soda la alumini: kuliyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini. Halafu jamani, chupa iliyowekwa mafuta ya kula itenge pembeni, inachafua zile safi.