Kodi ya saruji huanza siku bajeti inaposomwa?

SWALI: Shikamoo Mama. Mwaka 2023 nilikuwa najenga Kibaha. Bajeti ilisomwa Alhamisi, Juni 15, na Jumamosi nilipofuata mifuko 40 ya saruji nikakuta kila mmoja umepanda shilingi 1,000. Muuzaji akasema, "Serikali imepandisha." Nikalipa. Kila Juni swali linanirudia: kodi huanza siku ileile? Na sisi wa kawaida tuna pa kusemea kabla haijapita?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ilikuwa haijaanza.

Alichosoma Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, kule Dodoma yalikuwa mapendekezo: shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50, hiyo ndiyo 1,000 yako. Pendekezo likaingia kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha, Bunge likaupitisha, Rais akasaini, na utekelezaji ukaanza Julai 1. Tena kodi hiyo ni ushuru wa bidhaa, nao hukusanywa kiwandani au mzigo unapoingia nchini, si kaunta ya duka. Mfuko uliokuwa dukani Juni ile haukubeba hata senti ya ushuru huo. Shilingi 40,000 zako hazikufika Hazina, na hilo linaniudhi kuliko kodi yenyewe.

Nimetunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo kwa miaka mingi, kwa hiyo najua hoja ya wenye maduka: mzigo ujao utakuja kwa bei ya juu, mtaji utatoka wapi? Ni hoja ya kweli. Bei ya saruji haipangwi na serikali, mwenye duka anaweza kupandisha. Lakini aseme ni bei yake, asisingizie kodi ambayo hajatozwa. Kwenye mafuta mchezo huo ni mgumu, maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bajeti hiyohiyo iliongeza shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, na vituo vililazimika kusubiri.

Kuhusu pa kusemea: usingoje siku Bunge linapoipigia bajeti kura. Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kuvunja Bunge likikataa bajeti, hivyo mbunge wako hatathubutu kirahisi kusema hapana. Mabadiliko hufanyika kabla, kwenye Kamati ya Bunge ya Bajeti, inayopokea maoni ya wadau. Wenye viwanda huenda na wataalamu wao. Anayejenga vyumba viwili Kibaha haonekani pale, na mimi natamani aonekane. Hata sheria ikishapita, sauti husikika: tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, watu wakalalamika nchi nzima, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Juni ijayo, mwandikie mbunge wako wiki ileile ya hotuba, utaje bidhaa na kiasi kinachokuumiza. Dukani uliza mzigo umeingia lini, na usiondoke bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye tarehe.