Jibu: Nimekwama kwenye nyongeza ya Doom 3, risasi zinaniishia

Ndugu wa Nakuru, umeuliza kama urudi mwanzo kwa sababu risasi zinakuishia kwenye Resurrection of Evil, nyongeza ya mchezo wa video wa Doom 3 wa kupigana na mazimwi. Usirudi. Unapiga risasi mahali pasipohitaji risasi.

Chukua kile kifaa cha kunyakua vitu. Zimwi likikurushia mpira wa moto, uunase hewani kwa kifaa hicho ulirudishie. Mara nyingi linakufa papo hapo. Ila usiushike muda mrefu, kifaa huuachia chenyewe. Mimi nilijizoeza jioni nzima hapa Kisumu hadi kidole kikazoea, na tangu hapo mapipa na masanduku yote nayaona kama silaha.

Bunduki ya mitutu miwili itunze kwa maadui wakubwa, tena uwasogelee kabisa. Lile jiwe-moyo linalopunguza mwendo wa wakati hujazwa kwa roho za maiti za binadamu, kwa hiyo ukikuta maiti, usiitumie mara moja kama jiwe hilo tayari limejaa. Kumbuka ilipo, urudi baadaye.

Kuhusu giza la mchezo huu: toleo jipya la Doom 3 la 2012, BFG Edition, lina nyongeza hii ndani yake, na tochi unawasha huku umeshika bunduki. Lakini kama mashine yako inaruhusu, cheza lile la awali la 2005. Hofu yake ni nyingine kabisa.